Kutoka Tulia Hadi Mombasa: Mji wa Bandari Unaofaa Kutazamwa na Jamaa Nzima

Huku kwetu Tulia, katika Kaunti ya Kitui, mtoto hulijua jina la Mombasa kabla hajajua kusoma. Si kwa sababu amewahi kufika huko, wala kwa sababu amefundishwa habari zake shuleni, bali kwa sababu katika nyumba nyingi yuko mtu aliyekwenda Mombasa kutafuta kazi. Huyu ni kuli wa bandarini, yule ni mchongaji wa vinyago, na mwingine ni dereva au mlinzi. Ukimwuliza mtoto wa namna hiyo, "Mombasa ni mahali gani?" hatakutajia ngome wala bahari. Atakujibu kwamba ndipo alipo baba.

Nami nilikuwa mmoja wa watoto hao. Marehemu baba yangu alifanya kazi ya ukuli katika bandari ya Kilindini muda wa miaka 24. Kila mwezi wa Desemba alirudi nyumbani na kikapu chenye halua, nazi mbili tatu, na leso mpya kwa mama. Na kila Januari aliondoka tena. Katika miaka hiyo yote mama hakupata kumfuata hata siku moja, kwa kuwa nauli ya watu saba ilikuwa nyingi, na chumba alichokaa baba alikishiriki na wanaume wengine watatu. Baba alistaafu, akarudi shambani, akafariki, na sisi sote hatujauona mji uliokula nguvu zake. Tangu zamani mama alipowasikia watu wakiisifu Mombasa alinyamaza, au aliinuka akaenda kutazama sufuria jikoni.

Basi mwaka jana, watoto wangu watatu walipofunga shule mwezi wa Agosti, nilimwomba mama twende naye. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu alisema, "Haya, nitakwenda nikaone kilichokuwa huko." Tukawa watu sita: mama, mke wangu, watoto watatu na mimi. Nawaandikia wasomaji habari za safari hiyo kwa maana naamini ziko jamaa nyingi za Kitui na Makueni ambazo zingeweza kufanya kama sisi, ila hudhani kwamba Mombasa ni ya wageni wenye fedha nyingi na kamera shingoni.

NJIA YA KUSHUKA PWANI

Siku hizi njia si ngumu. Barabara ya lami yatoka Kitui mjini, yapita Mutomo, na kufika Kibwezi katika Kaunti ya Makueni. Hapo Kibwezi pana kituo cha reli mpya iliyofunguliwa mwaka 2017. Treni inayosimama katika vituo vya njiani huchukua abiria Emali, Kibwezi na Mtito Andei, kisha huteremka hadi Voi na Mariakani, na kuishia Miritini, nje kidogo ya kisiwa cha Mombasa. Mama huiita gari la moshi, kama waiitavyo wazee wengine, nasi hatukumsahihisha.

Ukipita Mtito Andei, waambie watoto wakae karibu na dirisha. Reli yapita katikati ya mbuga ya Tsavo, na mara nyingi ndovu huonekana, nao ni wekundu kwa vumbi la udongo wa huko. Nikawaeleza watoto habari za reli ya kwanza, ile iliyoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901. Mwaka 1898, walipokuwa wakijenga daraja la mto Tsavo, simba wawili waliwaua wajenzi wengi hata kazi ikasimama, mpaka Mwingereza mmoja, Patterson, alipofaulu kuwapiga risasi. Simba hao wamehifadhiwa katika jumba la makumbusho la mji wa Chicago, Marekani. Mtoto wangu mdogo akauliza kama simba hao walikuwa na watoto. Hilo sikuweza kumjibu.

Lakini yafaa watoto wetu wajue pia kwamba njia hii ya pwani haikuanzishwa na reli. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, misafara ya Wakamba ilikuwa ikiteremka kwa miguu hadi pwani ikichukua pembe za ndovu, na kurudi na nguo, shanga na nyaya za shaba. Mmisionari Mjerumani Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844 na kukaa Rabai tangu mwaka 1846, aliwaona wasafiri hao. Mwaka 1849 alisafiri nao hadi Kitui kwa Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa Ukambani, na tarehe 3 Desemba mwaka huo akauona mlima wenye theluji kutoka nchi yetu ya Kitui. Jina alilolisikia kwa Wakamba, Kiinyaa, aliliandika kwa namna alivyoweza kulitamka, na kutoka katika maandishi hayo likawa Kenya. Kwa hiyo mtu wa Kitui anapoingia Mombasa haingii mji asio na sehemu ndani yake. Babu zake waliijua njia hiyo kabla ya chuma cha kwanza kulazwa.

NGOMENI NA MJI WA KALE

Tulilala katika nyumba ya wageni ya bei nafuu mjini, na asubuhi yake tukaenda kwanza Fort Jesus, ambayo wenyeji huiita Ngomeni. Mlangoni raia wa Kenya hulipa ada ndogo kuliko wageni wa nchi za nje, na watoto hulipa kidogo zaidi. Kijana aliyetuongoza alimwamkia mama kwa adabu ya pwani, "Shikamoo, mama," akampa mkono wakati wa kupanda ngazi, na tangu hapo mama akawa rafiki yake.

Ngome hiyo ilijengwa na Wareno kati ya mwaka 1593 na 1596, kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati. Kuta zake zimesimama juu ya mwamba wa matumbawe, na nyingine ni nene kuliko nyumba zetu zilivyo pana. Ukiitazama ramani yake, utaona mfano wa mtu aliyelala chali, kichwa kikielekea baharini. Kijana yule aliwapeleka watoto penye mizinga, akawaonyesha jinsi askari walivyoweza kuilinda njia ya maji inayoingia bandari ya zamani.

Kisha akatueleza habari ya mazingiwa makuu. Mwezi wa Machi mwaka 1696 Waarabu wa Omani waliizingira ngome, na mazingiwa hayo yakaendelea hata Desemba 1698, yaani miezi 33. Ndani walikuwamo Wareno, na pamoja nao Waswahili waliowaunga mkono. Maradhi na njaa viliwamaliza zaidi kuliko risasi, na ngome ilipotekwa walikuwa wamebaki watu wachache mno. Meli moja ya Wareno iliyokuja kuwasaidia, Santo Antonio de Tanna, ilizama hapo chini ya ngome mwaka 1697. Wataalamu waliipiga mbizi na kuichimbua katika miaka ya 1970, na baadhi ya vitu vyake vimewekwa katika makumbusho ya ngome: vyungu, vyombo, na vitu vya mabaharia.

Watoto hawakujua kwamba Ngomeni palikuwa pia jela. Toka mwaka 1895 hata 1958 serikali ya Waingereza iliwafunga watu humo, kisha pakageuzwa kuwa makumbusho, yaliyofunguliwa mwaka 1960. Mwaka 2011 shirika la UNESCO liliitia ngome hiyo katika orodha ya urithi wa ulimwengu. Mama alisikiliza yote hayo, kisha akauliza swali lake mwenyewe: "Na chakula cha wale waliozingirwa, nani aliwapikia?" Kijana akacheka, akakiri kwamba katika miaka yake ya kazi hakuna mgeni aliyewahi kumwuliza neno hilo.

Kutoka Ngomeni mtu huingia Mji wa Kale kwa miguu. Vichochoro ni vyembamba, na kivuli chake ni neema wakati wa jua. Watoto walihesabu milango iliyochongwa, wakapotewa na hesabu. Upo msikiti wa Mandhry, ambao husemwa kwamba ulianzishwa mwaka 1570, nao bado watumika kwa sala. Chini yake pana bandari ya zamani, ambapo majahazi ya Uarabuni, Ghuba na Bara Hindi yalikuwa yakitia nanga yakiletwa na upepo wa kaskazi, kisha kurudi kwao kwa upepo wa kusi. Yapasa mgeni avae kwa heshima mahali hapo, avue viatu akikaribishwa msikitini, wala asimpige mtu picha kabla ya kumwomba ruhusa. Watu wamekaa barazani kwao, si mahali pa maonyesho.

LESO ZA MAMA

Si mbali na hapo lipo soko kuu ambalo watu wote huliita Marikiti, lililojengwa mwaka 1914. Hapo pana iliki, mdalasini, pilipili manga, bizari na karafuu, na harufu yake humfikia mtu kabla hajaingia. Karibu nalo ni mtaa wa Biashara, penye maduka ya leso. Mojawapo ni lile ambalo leso zake zajulikana kwa jina la Mali ya Abdulla, na ukoo wake umefanya biashara hiyo tangu mwaka 1887.

Nadhani wasomaji wanaume huona maduka ya nguo kuwa kazi ya wanawake, nami nilitaka tupite upesi. Lakini mama alisimama mlangoni pa duka moja, akashika upindo wa leso, akaugeuza, akaugeuza tena. Nyumbani analo sanduku la bati lenye leso alizoletewa na baba mwaka baada ya mwaka. Nyingine hajazivaa kamwe. Alimwuliza mwenye duka kama leso za Desemba zamani zilikuwa zikiuzwa mtaa huu huu. Mwenye duka akamjibu, "Ndiyo, mama. Wa bara wote walinunua hapa kabla ya kupanda gari." Mama akaniambia kwa Kikamba, polepole, "Basi labda alisimama hapa akichagua." Tukakaa dukani zaidi ya saa nzima, wala sikumharakisha tena.

Baadaye tulipita barabara ya Moi kuziona zile pembe kubwa za ndovu zilizowekwa juu ya njia. Zilisimamishwa katika miaka ya 1950 kwa ajili ya kupokea watu wa ukoo wa kifalme wa Uingereza, na si pembe za kweli bali ni za madini ya alumini. Watoto walisikitika kidogo, kisha wakaona kwamba zikitazamwa kwa mbali zafanya herufi M, wakafurahi.

KIVUKO CHA LIKONI NA BANDARI YA KILINDINI

Siku ya pili tulikwenda Likoni. Mtu aendaye kwa miguu havukishwi kwa fedha. Feri ni bure kwake, na hivyo jamaa maskini aweza kupanda meli mara kumi kwa siku moja kama apenda. Hata hivyo maji si mchezo. Watu wa Mombasa hawajaisahau tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipozama na kuua watu wapatao 270. Mshike mtoto mkono, ngojea feri isimame kabisa, wala usisukumane.

Katikati ya mlango wa bahari, ukigeuza macho upande wa bara, waiona bandari ya Kilindini. Jina lenyewe latokana na neno kilindi, yaani maji marefu, nayo ndiyo sababu ya bandari kuwekwa hapo. Gati za kwanza za maji marefu zilianza kutumika katika miaka ya 1920. Kabla ya makontena kuenea, magunia ya kahawa, robota za pamba na mafungu ya katani yalipita mikononi na mabegani mwa watu. Mwezi wa Machi mwaka 1955 makuli hao waligoma kudai mshahara bora, na Tom Mboya akaja kutoka Nairobi kusaidia kuleta mapatano. Hao ndio waliomtangulia baba yangu kazini.

Nikamwonyesha mama zile winchi ndefu kule mbali, nikamwambia, "Ndipo pale." Alizitazama mpaka feri ilipofika ng'ambo. Tuliporudi alitaka tusimame upande ule ule, akatazama tena. Hakusema neno ila hili: "Ni mbali na nyumbani." Binti yangu mkubwa, aliye na miaka 15, akamshika Susu wake mkono. Kisha akaniuliza mimi, "Je, baba, watu wa pale hulipwa kiasi gani siku hizi?" Nikaona kwamba alikwisha kuitazama bandari kwa macho mengine kuliko ya mtazamaji.

Wakati ule ule meli moja ndefu, yenye ubavu kama ukuta usio na madirisha, ilikuwa ikiingia. Ni meli ya kuchukua magari. Magari mengi yaliyotumika ambayo twayaona katika barabara za Kitui hutoka Japani na huingia nchini kwa mlango huu. Wajapani wana alama nyingine pia mjini hapa. Daraja la Nyali linalotumika sasa, lililofunguliwa mwaka 1980 mahali pa daraja la kuelea la mwaka 1931, lilijengwa kwa msaada na mafundi wao. Na gati mpya ya makontena iliyofunguliwa mwaka 2016 ilijengwa kwa mkopo wa Japani.

Nimesoma habari za Yokohama, mji wa bandari wa nchi hiyo, na jambo moja lilinipendeza. Baada ya tetemeko kubwa la mwaka 1923 kuubomoa mji, wenyeji walichukua kifusi, wakakimwaga ufukoni, na juu yake wakafanya bustani ya Yamashita, iliyofunguliwa mwaka 1930. Mbele ya bustani hiyo imefungwa meli ya zamani, Hikawa Maru, ambayo iko hapo tangu mwaka 1961, na watoto huingia ndani kuona vyumba vya abiria na mitambo. Watu hao hawaoni bandari kuwa mahali pa mizigo tu. Jumapili baba huwapeleka watoto wake wakaone meli.

Mombasa nayo ina mahali pa namna hiyo, yaani ufuko wa Mama Ngina, uliotengenezwa upya na kufunguliwa mwezi wa Oktoba 2019. Upo karibu na kivuko, na jioni jamaa nyingi za mjini huketi hapo chini ya mibuyu mikubwa. Meli zote za Kilindini hupita mbele ya macho yako, karibu kiasi cha kuweza kuyasoma majina yake. Tulinunua mihogo ya kukaanga iliyotiwa pilipili na ndimu, na madafu ya kunywa, na chakula hicho cha watu sita hakikutuumiza mfuko.

WACHONGAJI WA CHANGAMWE

Yeyote atokaye Ukambani asiondoke Mombasa kabla ya kufika Changamwe, penye chama cha ushirika cha wachongaji Wakamba, kilichoanzishwa mwaka 1963. Hapo wachongaji wengi huketi chini ya vibanda wakichonga twiga, vifaru, vijiko na bakuli, na sauti ya tezo zao husikika toka mbali. Kazi hii ina historia yake. Mutisya Munge wa Wamunyu, katika nchi ya Machakos, alikwenda Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, akajifunza ufundi huo huko, na aliporudi akawafundisha wa nyumbani. Kutoka kwa mtu mmoja umeenea hata kulisha nyumba nyingi.

Mwana wa shangazi yangu anafanya kazi hapo. Alimpa mwanangu wa pili kipande cha mti na msasa, akamwonyesha jinsi ya kulainisha mgongo wa kiboko. Mtoto akashinda na kazi hiyo mchana kutwa, akasahau hata kula. Kiboko hicho sasa kiko juu ya kabati letu, nacho kina sikio moja.

JANGWA LILILOGEUZWA MSITU

Katika yote tuliyoyaona, lililonifundisha zaidi mimi mkulima ni bustani ya Haller iliyoko Bamburi, kaskazini ya mji. Watoto huenda huko kwa ajili ya twiga, viboko, mamba na kobe wakubwa, na kweli watafurahi. Huko ndiko alikopelekwa yule mtoto wa kiboko, Owen, aliyeokolewa karibu na Malindi mwezi wa Desemba 2004, wakati wa mawimbi makubwa ya bahari. Mtoto huyo alimfuata kobe mkongwe aitwaye Mzee, akalala naye na kula naye, na habari hiyo ikaenea duniani kote.

Lakini mtu mzima atazame ardhi yenyewe. Hapo palikuwa machimbo ya kiwanda cha saruji, mwamba mtupu mweupe wa matumbawe, pasipo udongo na penye maji ya chumvi chini yake. Mwaka 1971 mtaalamu René Haller alianza kupanda miti. Alijaribu aina 26, na nyingi zilikufa. Mvinje ulistahimili. Hata hivyo majani yake makavu yalilala chini bila kuoza, na pasipo kuoza hakuna udongo. Ndipo alipoleta majongoo, wadudu wale tunaowakanyaga bila kuwafikiri. Majongoo wakala majani yale, kinyesi chao kikawa mbolea, na kidogo kidogo udongo ukafanyika juu ya mwamba. Baadaye ikaja miti mingine, ndege, na wanyama.

Sisi wa Kitui twaijua ardhi kavu, na mara nyingi husema kwamba haiponyeki. Nilisimama chini ya kivuli cha mivinje ile nikaona haya. Shamba letu la Tulia, pamoja na ukame wake, ni jema kuliko mwamba ule ulivyokuwa. Niliporudi nyumbani niliacha kuyachoma majani makavu.

BAHARI YENYEWE

Siku ya mwisho tulikwenda kwenye ufuko wa watu wote wa Jomo Kenyatta, huko Bamburi, ambapo hakuna ada ya kuingia. Jumapili hujaa watu wa kila kabila. Vijana hukodisha maboya ya mipira ya magari, na ngamia hupita wakiwabeba watoto. Agosti ni wakati wa kusi, na mawimbi yana nguvu. Basi tulikaa penye maji machache, na tulimwuliza mvuvi mmoja saa za maji kujaa na kupwa kabla ya kuwaruhusu watoto kuingia. Fanyeni hivyo nanyi, na msiwaache watoto peke yao hata kwa dakika moja.

Mtoto wangu mdogo, aliyezoea kumwona mama yake akienda mbali na punda kuteka maji, alisimama akayatazama maji yale yasiyo na mwisho, akauliza kwa nini watu wa Tulia hawahamii huku. Nikamwambia ayaonje. Akayatema, akakunja uso. Susu wake naye akachovya kidole, akaonja, akatikisa kichwa. "Mengi namna hii, wala hayanyweki," alisema. "Afadhali kisima chetu." Sote tukacheka, na yeye akacheka kuliko sisi. Kisha akavua viatu, akaikunja leso yake mpya hadi magotini, akaingia.

MASHAURI KWA WATAKAO KWENDA

Kwanza, wekeni akiba mapema, hata kama ni kidogo kila mwezi. Sisi tuliuza mbuzi wawili na kuweka fedha za pojo za msimu mmoja. Pili, kateni tikiti za treni siku nyingi kabla, na watu wazima wachukue vitambulisho vyao, kwa maana huulizwa. Tatu, epukeni Desemba kama mwaweza, kwa kuwa kila kitu hupanda bei, na epukeni pia Aprili na Mei, wakati wa mvua za masika. Nne, msijaribu kuona yote; jambo moja asubuhi na moja jioni latosha kwa mtoto na kwa mzee. Tano, na hili nawaambia hasa akina baba wafanyao kazi Mombasa: waleteni watu wenu, japo kwa siku mbili. Chumba kikiwa kidogo, watalala chini, wala hawatalalamika. Waonyesheni lango mnaloingia asubuhi, duka mnalonunua mkate, na mahali mnapongojea feri. Mtoto akiisha kuyaona hayo, akilala usiku nyumbani ataweza kuwaza mahali alipo baba yake.

Sisi tumerudi Tulia salama. Mama amelifungua lile sanduku la bati, na leso zilizokuwa hazijavaliwa amewagawia wajukuu, moja moja, akiwaambia kila moja ilitoka mtaa gani. Na jirani akitaja Mombasa sasa, haendi tena jikoni. Husogeza kiti na kusema, "Ngoja kwanza nikueleze."